Baba anangoja kupasuliwa utumbo, na kila ndugu ana chakula anachokikataza

Shikamoo Mama Mshauri,

Naandika kutoka Muheza. Baba yangu ana miaka 64, ni mwalimu mstaafu. Kwa muda mrefu alikuwa analalamika tumbo kujaa na choo kuja na damu, tukadhani ni bawasiri. Alipofanyiwa kipimo cha kuingiza kamera wakakuta saratani ya utumbo mpana, upande wa kushoto. Daktari bingwa amesema haijasambaa na inaondoleka, na amempangia upasuaji baada ya wiki tatu. Amesema pia utumbo umebanwa pale penye uvimbe, ila njia bado ipo.

Shida yangu ni chakula. Baba alikuwa na kilo 68, sasa ana 59, na hiyo ni ndani ya miezi mitano. Mashati yake yamekuwa kama ya kuazima. Kaka yangu yuko Dar, kila siku anatuma sauti za WhatsApp: sukari inalisha saratani, nyama nyekundu ndiyo iliyomletea ugonjwa, maziwa yana homoni, baba ale dona, mboga za majani na matunda basi. Shangazi analeta majani ya mstafeli ya kuchemsha, glasi asubuhi na glasi jioni. Mama anamsagia bitiruti kwa sababu damu yake ilipimwa ikaonekana ni pungufu, 8.9.

Kwa sasa asubuhi anakunywa uji wa dona usio na sukari wala maziwa, mchana nusu sahani ya wali na mchicha, usiku juisi ya bitiruti na ndizi moja. Anasema hana hamu, akifika kijiko cha tano anasukuma sahani. Na jirani yetu aliyewahi kupasuliwa anatuambia baba atafungishwa tangu jioni ya kuamkia upasuaji, halafu hatakula siku nne tano mpaka atoe upepo. Nikimtazama alivyo leo naogopa hatafika huko. Tumlishe nini, na tumsikilize nani? Uwezo wetu ni mdogo, yale maziwa ya makopo ya wagonjwa tuliyoonyeshwa duka la dawa hatuyawezi.

Binti wa Mwalimu

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Habari ya kwanza katika barua yako ni njema: saratani haijasambaa na inaondoleka. Tumfikishe Mwalimu mezani akiwa na nguvu.

Nianze na zile kilo, kwa sababu hapo ndipo penye uzito kuliko mstafeli na sukari na yote mengine. Kutoka 68 hadi 59 ni kilo 9, yaani asilimia 13 ya mwili wake imekwenda kwa miezi mitano. Chama cha wataalamu wa lishe tiba cha Ulaya, ESPEN, ambacho miongozo yake inafuatwa na madaktari wengi duniani, kinamhesabu mgonjwa aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ndani ya miezi sita kuwa yumo kwenye hatari kubwa ya utapiamlo. Mgonjwa wa namna hiyo wanataka alishwe vizuri kwa siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji mkubwa, hata ikibidi tarehe isogezwe, hata kama ugonjwa wenyewe ni saratani.

Sababu si ngumu kuielewa. Daktari atakata kipande chenye uvimbe, kisha ataunga ncha mbili za utumbo. Pale palipoungwa panahitaji protini ili pashikane. Mwili usio na akiba unachelewa kuponya: kidonda kinatunga usaha, kifua kinaingia nimonia kwa kuwa mgonjwa hana nguvu hata ya kukohoa, na jambo linaloogopwa kuliko yote, maungio yanavuja ndani ya tumbo.

Swali langu kwako ni hili: daktari anazijua namba hizo? Yeye alimwona baba yako akiwa tayari amepungua, hakumjua wakati mashati yanamkaa. Kamata karatasi uandike uzito wa zamani, wa sasa, miezi iliyopita kati yake, na anachokula kwa siku kama ulivyoniandikia mimi. Msingoje siku ya kulazwa, pelekeni wiki hii, na muombe aonwe na afisa lishe wa hospitali. Wiki tatu mlizopewa zinatosha kufanya kazi kubwa, ila zianze leo.

Sasa jikoni. Mtu wa kilo 59 anayejiandaa kupasuliwa anahitaji protini gramu 70 hadi 90 kwa siku, na nishati ya kalori 1,500 hadi 1,800 hivi. Chakula ulichonitajia, nikikadiria, hakifiki gramu 20 za protini. Baba yako hajashindwa kula tu, mwanangu. Hata hicho kidogo anachokubali ni maji na wanga.

Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maziwa cha robo lita kina 8, na mtindi ni hivyo hivyo. Vijiko viwili vya chakula vya karanga zilizosagwa laini vinakupa 7. Kipande cha samaki cha gramu 100 kikishapikwa kina 20 na ushee, kuku hupita 25. Dagaa wakavu ndio tajiri wa maskini: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na ukiwasafisha, ukawakaanga kidogo na kuwatwanga wakawa unga, kijiko kimoja kinapotelea kwenye mchuzi bila mtu kujua.

Kwa hiyo asubuhi mpe uji wa maziwa wenye karanga na yai lililopigwa ndani ukiwa bado unachemka. Saa nne mtindi. Mchana wali laini na samaki asiye na miiba. Saa kumi chai ya maziwa na yai la kuchemsha. Usiku ugali mlaini wa sembe na kuku wa kuchambuachambua, na akienda kulala kikombe cha maziwa. Hapo umeshagonga 90. Kila mlo uwe mdogo, maana sahani iliyojaa humkatisha tamaa mtu asiye na hamu kabla hajagusa kijiko. Maji anywe baada ya kula, asijaze tumbo kwanza. Na muulize mwenyewe anatamani nini! Katika barua yako nimesikia matakwa ya kaka, shangazi, mama na jirani, ya Mwalimu sijayasikia.

Angalizo dogo: msimrundikie vyote siku ya kwanza. Aliyekaa kwa kula kidogo sana huongezwa kwa hatua, siku tatu nne, maana mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla chumvichumvi za damu huvurugika. Na kama ana kisukari, ambacho hukukitaja, mpango huu kaupitishe kwa daktari kwanza.

Kuna kitu nimekiona wodini miaka nenda rudi, na hakijaacha kuniudhi. Ndugu wanakuja na hotipoti ya supu, kuku mzima kachemshwa nyumbani. Mgonjwa anamiminiwa mchuzi kwenye bakuli, wanasema ndiyo nguvu zote zimo humo, na mnofu wanabaki nao wauguzaji. Mchuzi ule ni maji, chumvi na mafuta kidogo. Protini imebaki kwenye mnofu. Kama hawezi kutafuna, itwangeni ile nyama kwenye kinu mpaka iwe laini, ichanganyike na supu yake.

Ule uji nao unatengenezeka bila maziwa ya kopo. Shida ya uji ni kwamba ukiweka unga wa kutosha unakuwa mzito haunyweki, ukiulegeza unakuwa maji. Watafiti wa hapa kwetu Tanzania walilishughulikia jambo hili kwa ajili ya watoto tangu miaka ya 1980, kwa kutumia kimea. Loweka ulezi usiku kucha, uchipuze siku mbili kwenye kitambaa kibichi, uanike ukauke kabisa, usugue mizizi itoke, usage. Pika uji mzito wa kusimamisha kijiko, uepue, ungoje upoe uwe vuguvugu, kisha tia kijiko kimoja cha unga wa kimea ukoroge. Utauona unalegea mbele ya macho yako, kwa sababu kimea kinakata wanga vipande vidogo. Uji ukiwa bado unatokota, unga huo wa kimea haufanyi kazi. Ukishalegea urudishe jikoni uchemke dakika chache kuua vijidudu, ndipo utie maziwa ya unga: vijiko vinne vya chakula vinaongeza gramu 7 au 8 za protini. Hapo kikombe kimoja kinabeba chakula cha vikombe viwili.

Tumfikie kaka. Nina neno naye juu ya dona na mboga za majani. Kwa mtu mzima wa afya ushauri wake ni mzuri, nyuzinyuzi zinaukinga utumbo. Lakini utumbo wa baba yako umebanwa. Pumba za dona, mashina ya mchicha, kisamvu, maganda ya maharage, mahindi ya kuchoma, vyote hivyo vinaweza kujikusanya pale penye mlango mwembamba vikaziba. Mpaka daktari aseme vingine, apewe sembe, wali, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, papai, mboga zilizochujwa. Nyie wa Muheza machungwa hamuyakosi: akamuliwe juisi, ichujwe, yale makapi asiyameze. Na tumbo likivimba likakaza, akawa anatapika, hatoi choo wala upepo, hiyo si ya kungoja tarehe. Ni hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

Kuhusu sukari, kaka hajaokota jalalani moja kwa moja. Mjerumani Otto Warburg aliona miaka ya 1920 kwamba uvimbe wa saratani unakula sukari ya damu kwa wingi. Kosa linakuja kwenye hitimisho. Ukimnyima mgonjwa sukari na wanga, ini lake linatengeneza sukari lenyewe, na malighafi yake ni misuli. Saratani itakula, aliyefunga ni baba. Kijiko cha sukari kwenye uji kinachomfanya aumalize ni kijiko kizuri.

Nyama nyekundu nayo ina ukweli wake. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliziweka nyama za kusindikwa, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoelekea kusababisha. Lakini hapo wanazungumzia kula sana kwa miaka mingi. Baba yako ana wiki tatu na damu ya 8.9. Kipande cha nyama laini au ini mara mbili tatu kwa wiki si adui yake kwa sasa. Maziwa anywe bila wasiwasi, yakimjaza gesi mbadilishie mtindi.

Shangazi mshukuruni kwa moyo wake, kisha mumwombe asitishe mstafeli, na asitishe leo. Mti ule una kemikali iitwayo annonasini, inayodhuru mishipa ya fahamu; kisiwani Guadeloupe watafiti waliihusisha na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa kwa watu waliotumia mstafeli kwa wingi. Isitoshe, dawa nyingi za miti shamba zinaweza kugongana na dawa za nusu kaputi au kuchezea kuganda kwa damu. Daktari wa usingizi aambiwe kila alichokunywa. Msimfiche kwa aibu, yeye hana haja ya kumsema mtu, ana haja ya kujua.

Bitiruti haina ubaya, ila haiongezi damu kama watu wanavyodhani. Wekundu wake ni rangi tu, madini chuma yake ni kidogo. Tena inaweza kukifanya choo kiwe chekundu, na kwa mtu anayetoka damu kwenye utumbo mtashindwa kujua kipi ni damu na kipi ni juisi. Damu ya 8.9 inataka matibabu. Muulizeni daktari kama atampa vidonge vya madini chuma au ile ya dripu, ambayo kwa muda mfupi uliobaki mara nyingi inafaa zaidi. Akipewa vidonge, ameze na juisi ya machungwa, asimeze na chai wala maziwa, na msishtuke choo kikiwa cheusi kwa sababu ya vidonge. Kikiwa cheusi cha kunata kama lami na kinanuka vibaya, au kizunguzungu kikimzidi, hapo rudini hospitali.

Kila siku atembee, hata kama ni kwenda kuwasalimu wastaafu wenzake na kurudi. Misuli isiyotumika haijengeki kwa mayai peke yake. Sigara na pombe, kama zipo, ziishe leo.

Jirani yenu anasema alichotendewa yeye, simlaumu. Ndivyo ilivyokuwa zamani, na baadhi ya mahali bado. Miongozo ya sasa inaruhusu chakula kigumu mpaka saa sita kabla ya nusu kaputi, na vinywaji vya majimaji yanayopenyesha mwanga, kama maji au chai ya rangi, mpaka saa mbili kabla. Zipo hospitali zinazompa mgonjwa kinywaji cha wanga, mililita 800 usiku wake na 400 saa mbili kabla ya kuingia, ili mwili usiingie vitani na njaa. Kaka akisikia hilo atazimia. Lakini utumbo uliobanwa una masharti yake, na chakula kikibaki tumboni kinaweza kupanda kikaingia mapafuni wakati amelala. Kwa hiyo saa za kufunga mtazipokea kwa daktari wa usingizi, si kwangu wala kwa jirani. Ninachokusihi ni kimoja: upasuaji ukiahirishwa siku hiyo hiyo, na huwa inatokea, mmoja wenu asimame amuulize nesi, “Je, anaweza kula sasa?” Nimeona wagonjwa wamefunga siku mbili mfululizo kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Na baada ya upasuaji, ile hadithi ya kungoja upepo imepitwa na wakati. Katika miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, alianza kuonyesha kwamba wagonjwa wa utumbo wakipewa vinywaji na chakula mapema, wakainuliwa kitandani mapema na maumivu yakadhibitiwa vizuri, wanapona haraka zaidi. Siku hizi wengi wanaanza kunywa kidogo kidogo saa chache baada ya kuzinduka, na kesho yake chakula laini. Hata kutafuna chingamu kunasaidia utumbo kuamka. Muulizeni daktari mapema: kwenu mnaanza lini? Kichefuchefu kikimzidi au tumbo likivimba, apumzike aambiwe nesi. Siku hizo za mwanzo pelekeni uji ule wa kimea kwenye chupa, vikombe vidogo, mara nyingi.

Kama atatoka na mfuko wa choo tumboni, msishtuke, si kila mara ni wa kudumu. Ukiwa wa utumbo mpana, baada ya wiki sita hivi atarudi karibu kwenye chakula cha kawaida, akitafuna vizuri. Maharage, kabichi na soda vitamjaza gesi, atavipima mwenyewe. Ukiwa wa utumbo mwembamba, choo kinakuwa cha maji na anapoteza chumvi nyingi. Hapo maji matupu hayatoshi, nyumbani pawe na ORS, ile dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, na wali au ndizi husaidia kukazia. Akipata kiu isiyokatika, mkojo ukawa kidogo na miguu ikabana misuli, mrudisheni. Akisharuhusiwa mpimeni uzito kila wiki, mizani ile ile, daftari lile lile. Ikiwa atapangiwa tiba ya mionzi au dawa za saratani za dripu baadaye, daftari hilo litatangulia mkononi kuingia kwa daktari.

Uwezo nimeuona. Maziwa ya kopo yanafaa kwa anayeyamudu, na afisa lishe wa hospitali anaweza kujua kama yapo ya msaada, muulizeni. Mayai, dagaa, karanga, mtindi na kimea vitawavusha. Karanga zichagueni kwa macho, zilizoota ukungu au kusinyaa zitupwe. Na kaka, ambaye naamini anampenda baba yake sana, mpe kazi: trei moja ina mayai 30, baba akila mawili kwa siku inatosha nusu mwezi. Atume za trei mbili na kopo la maziwa ya unga, na siku ya kwenda kwa daktari wa usingizi awepo.

Msalimie Mwalimu.